Ua la Kukhu Si la Bluu

Shinyalu,
Kakamega.
18 Aprili 2026

Mpendwa Shangazi Nekoye,

Unisamehe kwa kutanguliza jambo kabla ya salamu. Ninajijua. Nikianza na salamu nitazirefusha mpaka karatasi iishe, na jambo lenyewe libaki kifuani. Kwa hiyo naliweka hapa juu, mahali ambapo siwezi kulikwepa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote: mimi siikumbuki sura ya Kukhu, mama yako.

Nyumbani wote wanaamini ninaikumbuka, kwa sababu nilipewa jina lake na wanasema nilikuwa nikimfuata kila aendako. Wageni wakija na kuitazama ile picha yake iliyofifia uso iliyo juu ya kabati, Baba huniambia, "Nafula, waambie Kukhu alikuwanga namna gani." Mimi huinamisha kichwa, nao hudhani ni huzuni. Ukweli ni kwamba nikifumba macho sioni uso. Naona pindo la leso, naona mkono ulioshika jembe dogo, na karibu sana na pua yangu, kwa kuwa nilikuwa mfupi, naona maua yake ya kando ya uzio. Rangi yake ndiyo niliyobaki nayo.

Sasa, Shangazi, uliposema kwenye ile sauti uliyotuma kwamba wewe unaona uso wake hata ukiwa kazini, hata lile kovu la kidevuni, lakini rangi ya ua lake imekutoka kabisa, nilirudia kuisikiliza nikiwa nyuma ya jikoni. Nikawaza: Shangazi ana uso, mimi nina rangi. Labda tunaweza kubadilishana. Ukipata nafasi, naomba uniandikie uso huo ulivyo. Nami katika barua hii nitajaribu kukupa rangi.

Haya, salamu zenyewe. Hujambo, Shangazi? Mjomba Nehemiah hajambo? Erastus na mdogo wake wanaendeleaje na shule? Tulisikia ulikuwa na kikohozi kilichokataa kuisha. Natumaini kimekuacha sasa kwa kuwa umesema baridi inapungua huko. Sisi ni wazima. Goti la Baba humsumbua asubuhi, kisha likipata joto husahau. Mama hajambo. Mimi nimefunga shule na nitarudi mwisho wa mwezi. Matokeo yangu ya kidato cha tatu muhula huu hayakuwa mabaya, isipokuwa hesabu.

Mvua imeshuka. Ilichelewa kidogo, kisha ikaja kwa fujo, na sasa mahindi yamefika magotini na maharagwe yameanza kutambaa kati yake. Njia ya kwenda kwa kina Osundwa imekuwa tope tupu, pikipiki hazipiti mpaka jua liwake. Ila kila kitu kinachotoa maua kimetoa maua. Hata magugu.

Ndiyo maana hukunituma wakati mbaya. Acha niandike jinsi nilivyouelewa mpango, ili kama nimekosea unirekebishe. Kumbukumbu ya Kukhu ya miaka kumi itafanyika Agosti. Wanawake wote wa nyumba hii watavaa nguo za kitambaa kimoja, na kitambaa hicho kitakuwa cha rangi ya lile ua ambalo Kukhu alilileta kama kijiti kutoka kwao Chekalini alipoolewa, akalichomeka mwenyewe kando ya uzio. Wewe umempata mfanyabiashara huko Leicester anayepaka jora zima rangi unayomwonyesha. Akishapaka, hakirudishwi. Unachohitaji kutoka kwetu ni picha ya ua, na picha hiyo uliniomba mimi.

Uliniomba mimi, na si kaka Oliver mwenye simu nzuri. Sijui kama ulijua hilo lilinifanya nijisikie vipi.

Nilipiga ile picha ya kwanza kwa simu ya Mama, adhuhuri, jua likiwa kichwani, kwa sababu nilidhani mwanga ukiwa mwingi ndipo rangi huonekana vizuri. Nikaituma kwenye kikundi cha familia. Kabla sijafika jikoni ulikuwa umejibu kwamba ni bluu tamu kama mbingu na utaagiza mwisho wa mwezi. Baba akaandika, "Bluu imepita." Wengine wakafuata kwa vidole gumba.

Nilirudi nje nikalitazama ua. Halikuwa la bluu, Shangazi. Lile lililokuwa kwenye simu lilikuwa bluu, tena bluu ya sare ya askari, na hili lililokuwa mbele yangu halikuwa hivyo hata kidogo. Ni zambarau, ila ndani ya zambarau hiyo kuna ubluu unaojificha, halafu kooni mwake pana njano kama ya kiini cha yai. Niliweka simu kando ya ua, nikatazama huku na huku. Nikashangaa kwamba kitu cha bei ghali kama simu kinaweza kutazama kitu na kusema uongo bila kutikisika.

Nilimweleza Mama. Alikuwa akichambua mboga.

"Mama, ua la Kukhu si la bluu."

"Ni la nini?"

"Zambarau. Lakini si zambarau kabisa."

"Basi ni la bluu kidogo."

"Kidogo, ndiyo."

"Sasa hiyo kidogo ndiyo unataka kusumbulia senje wako Uingereza? Watu wazima wameshaongea."

Nikajaribu Baba, ingawa Baba unamjua. Alisema, "Bluu na zambarau si ni watu wa boma moja?" kisha akarudi kwenye habari zake redioni.

Nikanyamaza. Mimi hunyamaza haraka, Shangazi. Hata darasani, mwalimu akikosea tarehe ubaoni, mimi huiandika sahihi kwenye daftari langu na kukaa kimya. Lakini hili lilikataa kukaa. Kila nilipopita pale uani niliwaona mama zangu na dada zangu wote wamesimama kaburini Agosti wamevaa bluu ya askari, wakiimba, na ua lenyewe liko pale pale kando yao likiwashangaa.

Kwa hiyo nilianza kuchunguza. Nilidhani kwanza kosa ni la saa. Nikapiga picha asubuhi kabla umande haujakauka, nikapiga baada ya chakula, nikapiga jua likielekea kuzama. Kila saa ilinipa ua lake. La asubuhi lilikuwa la bluu kuliko yote. La jioni lilikuwa na wekundu ambao sikuuona kwa macho. Nilipolipiga upande ulio chini ya mparachichi, lilipata ukijani kidogo, kwa sababu, nilikuja kuelewa, mwanga unaopita kwenye majani hushuka ukiwa umebeba rangi ya majani. Na lile tawi linaloinama karibu na njia, juu ya udongo mwekundu, lilitoka kama limepigwa vumbi kwa chini. Sikuwahi kujua kwamba udongo hutupa rangi yake juu. Sasa nikipita mahali huangalia kidevu cha mtu aliyesimama kwenye udongo mwekundu, na ni kweli, hung'aa kidogo. Usinicheke.

Picha zilizokaribia ukweli zilikuwa za siku za mawingu, dakika chache kabla ya mvua, wakati mbingu imekuwa kama sufuria iliyofunikwa na hakuna kivuli popote. Lakini hata hizo zilikuwa na ubluu wa ziada.

Maktaba ya shule ilikuwa imefungwa, lakini nilikuwa nimeazima kitabu cha fizikia cha zamani, kile ambacho hakuna mwingine anayekiazima kwa kuwa kimepoteza jalada. Kuna sura nzima kuhusu mwanga na macho. Kinasema hakuna mwanga usio na rangi. Wa adhuhuri una yake, wa kivulini una yake, wa taa una yake. Ila akili yetu hujirekebisha bila kutuambia, ndiyo maana karatasi nyeupe huonekana nyeupe mchana na huonekana nyeupe kando ya taa ya mafuta. Nilijaribu usiku huohuo kwa karatasi na taa. Macho yangu yalisema nyeupe. Simu ilisema njano kama ndizi. Nilikaa pale na karatasi yangu kwa muda, nikiwaza ni vitu vingapi vingine ambavyo macho yangu huvirekebisha bila kuniuliza.

Basi kamera hukisia, Shangazi. Haijui. Inatafuta kitu inachodhani ni cheupe, kisha inapanga rangi nyingine zote kukifuata. Ikikosea hapo, imekosea kila mahali. Oliver aliporudi wikendi kutoka chuoni Sigalagala nilimuuliza kama simu yake ina mahali pa kuiambia cheupe ni kipi, isikisie. Alitafuta, akapata.

"Iko. Unaielekeza kwa kitu nyeupe, unabonyeza hapa, inashika."

"Naomba kuiazima kidogo."

"Kidogo ya Nafula ni siku tatu. Na usinijazie maua humu, hii simu si shamba."

Sasa nilihitaji kitu cheupe. Na wewe unajua nyumba hii: kitu cheupe kuliko vyote ni shati la shule ambalo Mama amelifua. Walimu hulisifu. Mwalimu wetu wa zamu aliwahi kunisimamisha mbele ya gwaride, si kwa sababu nimefanya jambo lolote, bali ili wenzangu walione shati. Nilitamani ardhi ifunguke. Basi nililitundika kwenye tawi kando ya ua, nikaielekeza simu kwenye shati, nikabonyeza, ikashika. Nikapiga ua.

Lilitoka rangi ya damu ya mzee.

Si utani. Ua la Kukhu lilikuwa na rangi ya sofa ya wageni. Koo lake la njano lilikuwa chungwa. Majani yalionekana kama ya Februari, kabla ya mvua. Nilirudia mara nyingi, nikibadilisha mahali na saa, na kila mara nililiamini shati na kuishuku simu, kisha nikaishuku mvua, kisha nikajishuku mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililoniogopesha. Nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni, labda hata rangi ninayoikumbuka niliitunga. Labda sina uso na sina rangi pia.

Kilichonifungua macho ni Mama mwenyewe, naye hakukusudia. Jumamosi iliyofuata alikuwa akifua pale kwenye mfereji. Nilimletea ndoo ya maji ya kusuuzia, nikamwona anachukua kile kichupa chake na kudondosha matone ya bluu ya kufulia. Maji yakawa kama anga. Akaliingiza shati langu humo, akaligeuza, akalikamua. Nimemwona akifanya hivyo tangu nizaliwe. Siku hiyo nilisimama na ndoo mkononi kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

"Mama, kwa nini unatia bluu?"

"Ili liwe nyeupe."

"Lakini bluu si nyeupe."

"Nafula, shati bila bluu ni shati ya mtu mvivu. Linakuwanga na manjano. Ukitia bluu, ile manjano inaisha."

"Kwa hiyo shati langu lina bluu."

"Lina weupe."

"Mama, nimekuwa nikiiambia simu kwamba shati hili ndilo cheupe. Sasa simu inaona bluu, inadhani ndiyo weupe, inaondoa ile bluu kwenye picha yote. Inaliondolea hata ua. Ndiyo maana ua limekuwa damu ya mzee."

Alinyoosha mgongo akanitazama. "Unasema shati langu linadanganya."

"Halidanganyi. Lina bluu tu."

"Hiyo bluu ndiyo imekufikisha kidato cha tatu."

Oliver alikuwa kizingitini akila mkate. Alisema weupe wa nyumba yetu ni wa kununua dukani, na Mama akamrushia maji ya povu. Mimi nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Si kwa sababu nimemshinda mtu. Ni kwamba kumbe kosa lilikuwa na mahali pake, lilikuwa ndani ya kichupa, halikuwa ndani ya kichwa changu.

Basi nikaanza kutafuta cheupe ambacho hakuna mtu amekipamba. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Unga wa mahindi una unjano ukiutazama vizuri. Maziwa yana unjano. Karatasi za daftari nadhani nazo hutiwa kitu, kwa sababu zilinipa wekundu uleule wa shati, ila kidogo. Majivu yaliyokauka yalinipa picha nzuri, lakini upepo uliyachukua. Mwishowe nikajaribu chumvi. Nilimwaga chumvi kwenye kifuniko cha sufuria, nikakishikilia chini ya ua, siku ya mawingu, nikabonyeza.

Oliver akapita. "Sasa unalitia chumvi? Litaliwa na nini?"

"Na obusuma," nikasema, kana kwamba ua ni mboga ya ugali.

Alisimama akanitazama kwa mshangao, maana si kawaida yangu kujibu. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini picha ile, Shangazi, ilikuwa yenyewe. Zambarau na ule ubluu wake wa kujificha, koo la njano, majani ya kijani kibichi. Niliiinua simu kando ya ua na sikuona tofauti. Nilitaka kukutumia papo hapo.

Sijui ni nini kilinizuia. Nadhani ni ile tabia yangu ya kukagua jibu hata baada ya kulipata. Niliituma picha kwenye simu ya Mama na ya Baba kwanza, nikazipanga zote tatu juu ya kigoda. Picha moja, simu tatu, maua matatu. Ya Oliver ilikuwa sahihi. Ya Mama ilikuwa imepauka, ikaelekea bluu tena. Ya Baba, ambayo kioo chake kina ufa na umri, ilikuwa nzito kama mvinyo. Kila mmoja wetu angeapa kwamba ameliona ua la Kukhu. Nikajiuliza, simu yako wewe ni ya aina ya nani? Na ya yule mfanyabiashara? Ulipotutumia picha ya yale maua ya njano yanayochomoza kwenye nyasi huko kwenu baridi ikiisha, niliyapenda sana. Lakini njano niliyoiona mimi ni njano uliyoiona wewe? Na mwanga wa huko ukoje? Unasema jua linakaa chini, pembeni, siku nzima. Je, vitu vyote vina rangi kama ya jioni? Naomba unijibu hata hilo moja.

Jibu la shida yetu nililipata kwa kumtazama Mama tena, safari hii akijiandaa kwenda dukani. Alikuwa akirekebisha sketi. Mama akitaka uzi wa rangi ya nguo haendi kumweleza mwenye duka rangi. Hukata kipande cha pindo, akakifunga kwenye leso, akakibeba. Kipande hakibishaniwi. Nikawaza, kwa nini namtumia Shangazi picha ya rangi wakati naweza kumtumia rangi?

Ua haliwezi kusafiri. Nilijaribu kulikausha ndani ya kitabu na likawa kahawia. Lakini uzi unaweza.

Basi Alhamisi nilikwenda Kakamega mjini na matawi ya ua ndani ya kopo la maji, nimeyafunika kwa mfuko ili watu wasinitazame. Walinitazama. Kuna duka la nyuzi na vifungo karibu na soko, la mama mmoja anayeitwa Shiro. Ameishi hapa miaka mingi na hutania kila mteja. Nilikuwa nimejizoeza maneno ya kusema njiani, nikafika yakapotea.

"Unatafuta nini, mrembo? Ama umeniletea maua?"

"Natafuta uzi wa kufuma. Wa rangi hii."

Alitoa mafundo ya uzi wa zambarau, akayapanga mezani. Chini ya taa ya dukani, mawili yalifanana na ua kabisa. Nikamwomba niyatoe nje.

"Uyatoe wapi?"

"Hapo mlangoni. Niyaone kwa mwanga wa nje."

"Kwani huko nje yatakuwa mengine?"

"Nadhani, Mama."

Alinifuata hadi kibarazani, nadhani akihofia nitakimbia na uzi wake. Tukayaweka kando ya ua. Fundo moja, ambalo ndani lilikuwa pacha wa lenzake, huku nje lilikuwa na wekundu kama maji ya biringanya. La pili lilibaki karibu na ua. Shiro alilichukua lile la kwanza, akaingia nalo ndani, akatoka nalo, akaingia tena.

"Wewe msichana utanifungisha duka," akasema. "Nimeuza hii kama zambarau tangu mwaka jana." Kisha akainama chini ya meza akavuta sanduku lingine, na tukaanza upya. Watu wawili walisimama kusubiri vifungo vyao, kisha nao wakaanza kutoa maoni. Mmoja alisema zote ni sawa. Mwenzake akamtania kwamba ndivyo anavyomjibu hata mkewe akimuuliza kuhusu chakula.

Uzi tulioupata ndio ulio ndani ya bahasha hii, umezungushwa kwenye kipande cha kadi. Si kamili. Sitaki kukudanganya. Ua lina mng'ao ambao uzi hauna, na uzi umezidi giza kidogo sana. Lakini ukiniuliza kama ni rangi ile niliyosimama nayo puani nikiwa mtoto, nakuambia ndiyo.

Nimepiga pia picha ya mwisho, chini ya mawingu, nikiwa nimeuzungusha uzi huohuo kwenye tawi kando ya ua. Oliver atakutumia. Ukiipata, kaa karibu na dirisha mchana, si chini ya taa, ushike uzi kando ya kioo cha simu. Kama uzi ulio mkononi na uzi ulio kwenye picha hazifanani, ujue simu yako imekosea kwa kiasi hicho, na ua pia limekosewa kwa kiasi hichohicho. Mpelekee yule mfanyabiashara uzi, si simu.

Natumaini barua hii itakufikia kabla hujaagiza. Sikutaka kuandika jambo hili kwenye kikundi mbele ya wakubwa wote, baada ya Baba kusema imepita. Barua ni rahisi kwangu. Hakuna mtu anayenitazama nikiiandika.

Nisalimie Mjomba Nehemiah, na umwambie mahindi aliyoyaulizia yameota vizuri. Nisalimie Erastus, na mdogo wake pia, umwambie ndama wetu mpya ana doa jeupe kwenye paji la uso. Mama anakusalimu na anasema kikohozi hicho ukinywee asali. Baba anakusalimu. Kina Osundwa wote wanakusalimu. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mzuri zamu zikiisha, na Agosti akulete hapa mwenyewe, ukiwa na nguvu.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema mbele za watu,

Nafula

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika ili niongeze haya. Oliver ameniuliza naandika nini, nikamweleza. Amesema barua hadi Uingereza huchukua wiki mbili ikiwa na bahati, na tatu ikikosa. "Hii itafika kitambaa kikiwa kimeshapakwa," akasema. Nikahesabu nikaona ni kweli. Nikatembea hadi kwenye zizi nikarudi. Kisha nikamwomba Mama simu, nikafungua kikundi, nikaandika: "Shangazi, ua la Kukhu si la bluu, picha yangu ya kwanza ilikosea rangi. Tafadhali usiagize kitambaa mpaka barua yangu ifike. Ina uzi wa rangi yenyewe. Nafula." Nikausoma ujumbe huo, nikautuma. Sikungoja Baba auone mwenyewe. Nikampelekea simu pale alipokaa, nikasimama kando yake mpaka akamaliza kusoma. Aliniuliza ni tawi gani lina maua mazuri. Kulikuwa bado na mwanga. Tukatoka nje sisi wawili, nikalivuta tawi chini, nikamshikia ili atazame.